Pijo Lisilojua Kusimama

Aliyeniuzia Pijo 504 hakunieleza habari za klachi. Alinieleza habari za Safari Rally, kwamba 504 ilishinda mwaka 1975 ikarudia 1978, akasimulia kana kwamba ni hilohilo lililokuwa mbele yetu limeegemea mwarobaini. Nami nikalipa.

Klachi ilianza kulegea wiki ya pili. Ukikanyaga pedali, mguu unazama kama kwenye uji. Ukitia gia, inasaga meno. Fundi wangu wa Majengo akaniambia nivute hendibreki, nitie gia ya tatu, niachie klachi. Injini ikazima papo hapo. "Pleti nzima," akasema. "Ingekuwa imekwisha, injini ingenguruma na gari limekaa. Yako haitelezi, yako haiachii. Angalia oili." Akanionyesha kikopo kidogo karibu na cha breki. Ukikanyaga, masta silinda inasukuma oili, oili inasukuma silinda ya chini, na hiyo ndiyo inayoitenga injini na giaboksi. Oili ikipungua, unakanyaga upepo.

Nikarudi nyumbani, nikatafuta oili, nikajaza. Siku mbili pedali ikawa ngumu kama mpya. Nilijisifu mno, hata nikaanza kumshauri jirani kuhusu gari lake.

Jumamosi tulikuwa na harusi Ukunda. Shangazi akapanda mbele, sinia la mahamri mapajani, manung'uniko mdomoni. Nguo za wajukuu wanne amezishona kwa mkono usiku kucha, kwa sababu cherehani imekauka na kuna mwizi kamwibia chupa ya mafuta.

"Mafuta ya cherehani, mwanangu! Mtu aiba mafuta ya cherehani aende akampake nani?"

Nikamwambia dunia imeharibika.

Siku hizo barabara ya Dongo Kundu ilikuwa bado; gari la kwenda Ukunda lilipita feri ya Likoni. Tukaingia vizuri, nikazima injini. Katikati ya maji nikaijaribu pedali, basi tu, wasiwasi. Ikashuka. Haikurudi. Nikaichokonoa kwa kidole gumba cha mguu, ikapanda. Nikaikanyaga, ikalala tena.

"Wavua kiatu cha nini?" Shangazi akauliza.

"Joto."

Feri ikafika ng'ambo, watu wakamiminika kama siafu. Nyuma yangu lori linapiga honi, mbele yangu mkokoteni wa madafu unapanda kilima pole pole, pembeni kijana mwenye filimbi ananifokea nitoke. Gari lisilo na klachi lina namna moja ya kuliondoa: unatia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha unapiga stata. Stata yenyewe inalivuta gari mpaka injini ishike. Hilo nilikuwa nimelisikia tu barazani. Nikasema bismillahi, nikageuza ufunguo.

Pijo likaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Likaruka tena. Mwenye madafu alitazama nyuma mara moja, na sijaona tangu siku hiyo mkokoteni ukipanda kilima kwa kasi ile. Shangazi akatoa kichwa dirishani: "Pisheni! Halina breki!"

"Breki zipo, Shangazi! Nikisimama ndiyo haliondoki tena!"

"Halina breki!" Akashika lake hilohilo mpaka barabarani.

Huko juu nikapunguza mafuta, nikaitoa ya kwanza, nikasikiliza injini ishuke, nikaisukuma ya pili taratibu. Ikaingia bila neno. Nikajiona bingwa wa 1975. Ya tatu ilikataa kwa mlio wa mabati yanayong'olewa, basi tukaenda na ya pili, zaidi ya kilomita 20. Matatu zikatupita, tukutuku zikatupita. Tiwi, kwenye matuta, tulikwenda sambamba na mzee wa baiskeli. Yeye na Shangazi wakajuliana hali, afya, watoto, mvua, kisha mzee akaaga akatangulia.

Penye harusi hapakuwa na nafasi ya kuegesha, nami nikizima katikati nimeziba njia ya wapishi. Nikazunguka hema. Akina mama wakadhani ndiyo tunamleta bwana harusi kwa mbwembwe, wakapiga vigelegele. Mzunguko wa pili Shangazi akapitisha sinia dirishani, likapokelewa bila hamri kudondoka. Wa tatu vijana wakaleta ngoma. Wa nne mtu akaondoa pikipiki yake chini ya mwembe, nikakanyaga breki. Pijo likatetemeka, likakata roho. Watu wakachungulia ndani kumtafuta bwana harusi, wakaniona mimi, mguu mmoja peku.

Katika wageni alikuwemo fundi. Akakunja mikono ya kanzu, akafungua boneti, akachovya kidole kikoponi, akasugua, akanusa.

"Oili ya breki haiko hivi. Hapa mmetia mafuta mengine, yamevimbisha raba. Raba saa hii ni kaimati, ndiyo maana pedali hairudi." Akanusa tena. "Haya yanuka cherehani."

Shangazi alikuwa nyuma yetu na sahani ya pilau. Nikasikia kutafuna kukinyamaza.

Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa na alasiri bado, lakini nikamuuliza fundi msikiti uko upande gani.