Mwanasayansi Hawezi Kujificha Nyuma ya Jenerali

Kila vita vinapozuka husikika utetezi uleule: kazi ya mwanasayansi ni kugundua, na matumizi ya ugunduzi ni juu ya wanasiasa na makamanda. Una ukweli kiasi pale ugunduzi unapotangulia vita kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna awezaye kuona yote yatakayofanywa na elimu yake. Lakini vita vikishaanza, na mtaalamu akaitwa kufanya kazi ambayo shabaha yake inajulikana, sioni utetezi huo unasimama wapi.

Mtazame Fritz Haber, mwanakemia wa Ujerumani. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la nchi yake lilifungua maelfu ya mitungi ya klorini na kuuachia upepo uipeleke kwa adui. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujaa katika mahandaki, palepale askari alipokimbilia kujikinga, na ikifika mapafuni huyaunguza hadi yakajaa majimaji. Mwenye elimu hiyo alikuwa Haber, naye alikwenda mwenyewe mstari wa mbele kusimamia kazi. Ni huyuhuyu aliyegundua njia ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, msingi wa mbolea inayolisha mamilioni ya watu, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918. Wapo wanaoiweka mbolea na gesi kwenye mizani moja. Kwangu mimi hesabu hizo hazifutani.

Joseph Rotblat, mwanafizikia mzaliwa wa Poland, alijiunga na mradi wa bomu la atomiki huko Los Alamos, Marekani, akihofia kwamba Ujerumani ya Hitler ingelipata kwanza, hofu ambayo wakati ule haikuwa ya kipuuzi. Mwishoni mwa 1944, ilipobainika kwamba Wajerumani hawakuwa na bomu hilo, aliondoka. Wenzake wengi walibaki hata baada ya Ujerumani kusalimu amri Mei 1945. Sababu iliyowaleta ilikuwa imekwisha, ila kazi ilikuwa imekolea, na nadhani hamu ya kuona hesabu zao zikitimia iliwashika kuliko walivyojua. Kamati ya James Franck, mwanafizikia wa mradi huohuo (aliyewahi, ajabu ya mambo, kutumika chini ya Haber katika kikosi cha gesi), ilishauri Juni 1945 kwamba silaha hiyo ionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu. Haikusikilizwa.

Nitaambiwa kwamba kuondoka kwa Rotblat hakukuiokoa Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu hilo Agosti 1945. Ni kweli, wala hakuwa na uwezo huo. Uwezo aliokuwa nao ulikuwa juu ya mikono yake mwenyewe, na aliutumia; kisha akaipeleka fizikia yake katika utabibu, bila kuiacha. Wanaoandika leo programu za kuichagulia shabaha ndege isiyo na rubani wanao uwezo huohuo, na wanaijua shabaha mapema kuliko Haber alivyoijua yake.