Ndoo ya Bibi Josephine haitui

Sisi tuliokua na ndoo kichwani tunajua maji hubebwa kuletwa nyumbani: yanywewe, yapikiwe, watoto waoge. Bibi Josephine Mandamin alibeba maji ambayo hakuna aliyengoja kuyanywa. Mwaka 2003, mama huyu wa Kianishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, alianza na wenzake kulizunguka Ziwa Superior kwa miguu kuyatetea maji, mkononi ndoo ya shaba yenye maji. Miaka iliyofuata wakayamaliza Maziwa Makuu yote matano ya Marekani Kaskazini. Alifariki 2019, akina mama wengine wakaendelea kutembea.

Kilichonishika ni utaratibu wao. Hutoka alfajiri, na ndoo haitui hadi jioni. Mbebaji akichoka, mwenzake humjia ubavuni, wakaenda sambamba hatua kadhaa, kisha mpini ukahama mkono bila yeyote kusimama. Wanaume hushika fimbo ya manyoya ya tai. Maji ni amana ya wanawake, maana mtoto huanza maisha akielea ndani ya maji ya mamaye. Mto haupumziki, basi na anayebeba maji asipumzishe ndoo.

Wapo wanaosema kutembea hakumletei mtu bomba. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Tangu 1919 jiji la Winnipeg linakunywa maji ya Ziwa Shoal, yanayosafirishwa zaidi ya kilomita 150. Jamii ya Shoal Lake 40, wenyeji wa asili wanaoishi palepale ziwani, waliambiwa mwaka 1997 wachemshe maji kabla ya kunywa. Walichemsha hadi mtambo wa kusafisha maji ulipofunguliwa 2021. Miaka 24! Ujuzi ulikuwapo, fedha zilikuwapo, wao hawakuhesabiwa. Na asiyehesabiwa hawezi kungoja bomba kimya kimya. Lazima kwanza aonekane barabarani.

Mjukuu wa ukoo wa Bibi Josephine, Autumn Peltier, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018 akiwa na miaka 13 kuyatetea maji. Somo hilo alilipata kwa bibi.

Serikali ya Kanada iliahidi kwamba kufikia Machi 2021 maagizo yote ya muda mrefu ya kuchemsha maji kwenye jamii za wenyeji wa asili yangekwisha. Machi ikapita. Neskantaga, jamii nyingine ya wenyeji kaskazini mwa jimbo la Ontario, walianza kuchemsha mwaka 1995. Kiongozi anayekuja kupigwa picha kilomita ya kwanza ya matembezi haya na atembee hadi jua lizame, kisha awaambie watu wa Neskantaga tarehe ya kuacha kuchemsha.