Antoni Alitutafutia Bizari

Pilau ya kilo 25 haimsubiri mtu. Ukishatia vitunguu kwenye mafuta, hakuna kurudi nyuma: kilo saba zimekatwa tangu alfajiri, unageuza bila kupumzika mpaka vishike rangi ya kahawia iliyokoza, kwa sababu rangi ya pilau yetu ya Pwani hutoka kwenye kitunguu, si kwenye bizari. Vikipita hapo kidogo tu vinakuwa vichungu, na kilo zote 25 zimekwenda navyo. Baada ya vitunguu ni thomu na tangawizi, kisha nyama, kisha bizari, kisha maji. Bizari ikikosekana katikati ya safari hiyo, huwezi kuuambia moto ungoje uvuke feri, ufike soko la Marikiti mjini Mombasa na urudi.

Kigango chetu, yaani kanisa dogo chini ya parokia, kiko Likoni, na somo wetu ni Mtakatifu Antoni wa Padua, aliyefariki tarehe 13 Juni 1231 na kutangazwa mtakatifu kabla mwaka haujatimia. Sikukuu ikiangukia katikati ya juma, sherehe husogezwa hadi Jumapili, maana siku za kazi watu wako mjini. Na Juni ni kusi na mvua. Kwa hiyo jikoni petu ni maturubai mawili nyuma ya kanisa, mafiga ya mawe, na sufuria mbili za kukodi zilizovushwa kwa mkokoteni. Akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, ndio wapishi. Mimi hupewa mwiko kwa sababu ya urefu wa mikono, wala siulizwi maoni.

Bizari ilitwangwa Jumamosi jioni: bizari nyembamba gramu 300, pilipili manga, mdalasini, iliki, na karafuu chache, kwani ukizidisha karafuu watu hula huku ndimi zimekufa ganzi. Ikatiwa kwenye kopo la kahawa. Usiku turubai likavuja. Mama mmoja mwenye busara akaliokoa kopo na kulipeleka mahali pekee palipokuwa pakavu, yaani sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya misa. Akaliweka kwenye rafu, kando ya kopo jingine la kahawa, akaenda zake kulala kwa bintiye Kisauni. Hilo kopo jingine ndilo msakristani huwekea ubani. Yeye huusaga, kwa hoja kwamba ubani wa chenga hudumu lakini wa kusaga hushika moto haraka. Kwa macho, huo na bizari ya pilau ni mtu na ndugu yake.

Asubuhi vitunguu vikaiva, nyama ikaingia, mkono ukaenda kwenye kopo. Kopo halipo. Tukapekua magunia, tukapekua kapu la viazi, tukampigia simu mama mwenye busara. Yuko kwenye foleni ya feri, simu imezimika.

"Leo ni sikukuu ya nani?" akauliza mama mwenyekiti. "Si ndiye mwenye kutafuta vilivyopotea?"

Ni kweli. Husimuliwa kwamba mnovisi mmoja, yaani mtawa mwanafunzi, alitoroka na kitabu cha Zaburi cha Antoni, Antoni akasali, na mnovisi akarudi nacho mwenyewe. Basi akina mama wakasimama kuzunguka sufuria, leso viunoni, wakasali. Mimi nikachomoa kuni mbili ili nyama isishike chini.

Wakati huo, upande wa pili wa ukuta, makaa ya chetezo yalikuwa yameshapepewa mpaka yakafunikwa na majivu meupe, maana kabla ya hapo hayafai. Msakristani alikuwa na mafua makali. Alichota koponi, akajaza kibweta cha ubani. Baba Paroko akatia vijiko vitatu, akabariki, na maandamano yakaingia kanisani kwa vigelegele.

Kusi ilikuwa ikivuma kutoka kanisani kuja jikoni. Mama mwenyekiti akanusa. Akainama juu ya sufuria, akanusa tena, akainuka.

"Mbona pilau yanukia huko ndani, na sisi bado?"

Ndani hali ilikuwa mbaya zaidi ya kunukia. Pilipili manga juu ya makaa hutoa moshi unaokaba koo. Baba Paroko aliizunguka altare yote akiifukiza kwa uchaji, macho yakimtiririka, waumini wakidhani ni ibada. Kwaya ikaanza Utukufu. Sauti ya kwanza ikakohoa yote, besi wakabaki peke yao. Mzee mmoja wa benchi la mbele akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Leo wamepika mapema!"

Mama mwenyekiti akaingia sakristia kwa mlango wa nyuma, akanusa makopo, akatoka nayo yote mawili. La bizari lilikuwa limepungua karibu nusu. Nikatia iliyobaki nikarudisha kuni. Mama jirani, Mwislamu, akachungulia uani na kibakuli cha bizari yake: "Jamani, leo mnapikia wapi? Harufu yatoka mlango ule, moshi mlango huu." Kibakuli kikaingia sufuriani.

Ubani sasa ufikeje altareni? Injili ilikwisha fukizwa kwa pilau, na hakuna mama atakayekatiza mbele ya umati na kopo la kahawa bila sababu. Sababu ni matoleo. Foleni ikatoka ikicheza: vikapu vya mikate ya Mtakatifu Antoni ya kugawiwa maskini, mananasi, jogoo aliyefungwa miguu, na nyuma kabisa mama mwenyekiti na kopo lake.

"Mama, hata kahawa?" Baba Paroko akauliza chinichini.

"Fungua unuse, Baba."

Akanusa. Mabega yakamtikisika, akalikabidhi kwa mtumishi. Mtumishi, mtoto mtiifu, akamimina kilichobaki kwenye kibweta juu ya kifuniko cha kopo, akampa mama. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akirudi kutoka matoleo na chenji.

Mchele ukaingia, tukapalia makaa juu ya vifuniko, watu wakala wakashiba. Kazi ilibaki kwenye chetezo. Mafuta ya bizari yakiungua juu ya shaba huganda na kuingia hata kwenye pete za mnyororo. Msakristani akachemsha maji, akasugua kwa ndimu na majivu, ikang'aa. Lakini hakuinusa, maana mafua yalikuwa hayajaisha, na Ijumaa tulikuwa na misa ya mazishi. Jeneza lilipofukizwa, ndugu wawili waliotoka mbali wakaniita pembeni, wakauliza kwa heshima zote kama chakula kitatolewa kabla ya kwenda makaburini au baadaye.