Kihusishi cha Shilingi Elfu Mbili

Shangazi yangu wa Jambiani alilima mwani miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia. Siku alipoacha, akasema sasa atafanya kazi anayoijua kuliko mwani, nayo ni kulisha watu. Wazungu wanapita mbele ya uwanja wake asubuhi na jioni, wakienda pwani na kurudi. "Hawa wana njaa," akasema, "ila hawajui kama hapa pana chakula. Wewe si umesoma? Niandikie kibao."

Kusoma nimesoma. Fomu Foo nilipata C ya Kiingereza, na kwa ukoo wetu C ile inaheshimiwa kama shahada. Barua za ukoo mzima naandika mimi. Dawa ikiletwa nyumbani, karatasi ya ndani nasoma mimi, hata ile ya Kifaransa.

"Andika hivi," shangazi akaniambia, huku anachambua mchele. "Mikeka misafi ya kukalia. Watu wachangamfu wa kula nao. Kisha taja pilau, pweza na juisi." Hilo la watu wa kula nao alilirudia mara mbili. Hoja yake ni kwamba hotelini mgeni anakula peke yake, ameelekea bahari kama aliyenuniwa. Kwake atakaa mkekani, sinia moja, na majirani, na watoto, na mimi.

Kiingereza chake kilinijia hapohapo: "people to eat with". Nikakiona cha kitoto. Kibao kinakaa barabarani, kinasomwa na watu waliosoma, na mimi nina C yangu. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa skuli, ambaye kila Jumatatu alikuwa akigonga ubao kwa fimbo na kusema sentensi ya Kiingereza haimaliziki kwa kihusishi, yaani vile vineno kama "with" na "on". Basi "with" pale mwisho ni aibu. Nikaikata. Palikuwa na sababu ya pili, ambayo sikumwambia mtu: fundi wa vibao alitoza shilingi 500 kwa kila herufi. "With" ina herufi nne. Nimeokoa elfu mbili.

Elfu mbili ile nikaitumia papo hapo kununulia "whom".

Msinicheke kabla ya kunisikiliza. Mwalimu alitufundisha kwamba "who" anatenda, "whom" anatendwa, na nani asiyetaka kuonekana anaijua "whom"? Tena tulikuwa tumeshakariri "I don't know whom to ask", "I don't know what to do", "I don't know where to sit". Nikaona hizi "whom" na "which" na wenzao zikifuatwa na "to" ni ndoa iliyokwisha kufungwa, mashahidi wapo. Fundi akapaka ubao mweupe, akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuonekana toka mbali:

CLEAN MATS WHICH TO SIT
FRIENDLY PEOPLE WHOM TO EAT
PILAU, OCTOPUS, JUICE

Mstari wa katikati ulijaa toka ukingo hadi ukingo. Wa tatu, kwa kuwa mfupi, aliuweka katikati akaacha nafasi pembeni. Nafasi hiyo ikumbukeni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Wazungu walikuwa wakifika pale kwenye kibao, wanasimama. Wanasoma. Wanaitana. Wanapiga picha, mmoja mmoja na kwa makundi, wengine wameachama midomo kama wanataka kuuma ubao. Shangazi anawaangalia toka jikoni, mwiko mkononi, uso unang'aa. "Kibao kinafanya kazi," ananiambia. Nami najibu kwa unyenyekevu, "Ah, shangazi, ni elimu tu." Tatizo ni moja: walikuwa hawaingii. Pilau tulikuwa tunalila wenyewe mpaka watoto wakaomba ugali.

Siku ya tano akaja kijana mmoja mrefu, pensi ya maua, ngozi imeiva kama kamba. Akanitazama juu mpaka chini akauliza, "Are you for dinner?" Nikadhani anauliza kama mimi ndiye niliye zamu usiku. Nikamjibu kwa Kiingereza, kifua mbele, kwamba ndiyo, kila siku, na kwamba wageni wote hunifurahia. Yule kijana alikaa chini mchangani. Alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka naye, maana ukarimu ni pamoja na kumsindikiza mgeni katika kicheko chake. Nilimpigia na picha, yeye kanikumbatia shingo, kibao nyuma yetu.

Alhamisi akaingia bibi mmoja wa Kiingereza, mvi tupu, kofia ya ukili kichwani. Ndiye mteja wetu wa kwanza. Alikaa mkekani, akala pweza wa nazi kwa mkono kama mwenyeji, akanawa, ndipo akauliza kibao ameandika nani. Nikajitaja kabla hajamaliza kuuliza. Akaniambia yeye kafundisha Kiingereza miaka mingi kwao mpaka kastaafu, na kwamba angependa nimletee vijiko viwili.

Kijiko kimoja akakiita "whom", kingine "with". "Kijiko hiki," akasema kwa Kiingereza cha polepole, "hakiingii peke yake mbele ya 'to', ukiwa unaeleza watu gani au mkeka gani." Akavishika pamoja, "with" mbele, "whom" nyuma: "people with whom to eat". Safi. Akamtoa "whom" kabisa, "with" akaipeleka mwisho: "people to eat with". Safi vilevile, na ndivyo wasemavyo watu majumbani. Lakini "whom" akibaki mwenyewe bila kihusishi cha kumtangulia, sentensi haisimami, na anayejaribu kuielewa hana njia ila kuwala hao watu. Mikeka nayo hivyohivyo: "on which to sit", au "to sit on".

Nikamtolea "I don't know whom to ask" yangu. Akatabasamu. Ile, akasema, ni swali lililomezwa: nimuulize nani? Hapo "whom" hajaegemea neno lolote lililopita, yuko huru. Kwenye kibao changu ameegemea "people", na huko sheria ni nyingine.

Nikamshitakia ya mwalimu wetu na fimbo yake. Akasema huyo mwalimu ana babu. Mshairi John Dryden, mwaka 1672, aliandika kumlaumu Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia, kwa kumalizia sentensi na kihusishi, na Jonson alikuwa kaburini miaka 35, hana wa kumjibia. Yaani marehemu asemwe Uingereza, pilau lidode Jambiani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa lugha yetu mtoto wa darasa la kwanza hakosei. Mkeka wa kukalia: ile "-lia" imebeba "juu yake" tumboni, hakuna la kuongeza. Kijiko cha kulia, kalamu ya kuandikia, jembe la kulimia. Watu wa kula nao: ndiyo hiyo "nao", inaning'inia nyuma kama mkia wa mbuzi. Ikate uone. Watu wa kula. Nilichofanya ni kukata mkia nikampeleka mbuzi mnadani.

Shangazi sikumwambia. Kesho yake nilikuwa na safari ya mjini kununua mchele na viungo, na nikiwa soko la Darajani, kelele za wauza samaki upande huu na daladala upande huu, nikampigia simu fundi. Mikeka nikaiacha, mikeka haina ndugu wa kulalamika. Nikamwambia: mstari wa pili, futa WHOM, halafu baada ya EAT ongeza WITH. Herufi nne, elfu mbili, nakupa nikirudi.

"Baada ya EAT?"

"Baada ya EAT."

"Mwalimu, baada ya EAT ubao umekwisha."

"Tafuta nafasi, fundi ni wewe."

Nikakata simu, nikaendelea kupatana bei ya iliki.

Nilirudi magharibi. Toka mbali nikaona watu wamejaa mbele ya uwanja, na yule bibi wa Kiingereza yupo katikati yao, kavua kofia anajipepea, machozi yanamtoka. Nikasogea. Fundi alikuwa ameifuta WHOM vizuri, akazipaka upya TO na EAT kwa herufi pana kuziba pengo, mstari ukajaa tena. Mstari ukabaki kama nilivyoutaka. Ila WITH, kwa kuwa alikuwa kashaona nafasi mahali pengine, aliiweka chini, upande wa kushoto, mwanzo wa mstari wa tatu:

FRIENDLY PEOPLE TO EAT
WITH PILAU, OCTOPUS, JUICE

Bibi akanishika bega. "Ukiacha mikeka," akasema, anavuta pumzi, "sarufi sasa haina kosa hata moja."

Usiku ule walikula wateja kumi na wanne. Mikeka haikutosha, tukaazima majirani, na majirani wenyewe wakaja na mikeka yao, wakakaa, wakala, wakipigwa picha kila dakika na hawajui kwa nini. Jirani yetu mmoja, mnene wa kuheshimika, alipigwa picha kuliko wote. Aliniambia pembeni kwamba wazungu wa safari hii wana adabu sana.

Walipoondoka ilibidi niseme. Nilimweleza shangazi yote, "with" na "whom", na elfu mbili, na jinsi kibao chake kinavyosomeka tangu siku ya kwanza na kinavyosomeka sasa. Alinisikiliza kimya, anahesabu noti na kuzikunja. Kisha akainuka, akachukua taa, akatoka nje mpaka kwenye kibao. Akakimulika mstari kwa mstari, ingawa hasomi Kiingereza. Akamgeukia jirani yetu mnene, ambaye shibe ilikuwa imemlaza mkekani, akamtazama kitambo.

"Na bei hukuandika?" akaniuliza.