Siku 45 na tiki moja

Ujumbe ulikaa kwenye tiki moja kwa siku nne. Dada mmoja ninayemfahamu, muuguzi hapa Georgia, alikuwa amemwandikia dalali wake wa Asheville, North Carolina, kuulizia nyumba ya kupangisha aliyotaka kuinunua. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024. Kimbunga Helene kilikuwa kimetua Florida usiku wa kuamkia siku hiyo, kikapanda kaskazini hadi milimani, mahali ambapo wengi hawakuwa wakihofia vimbunga vya baharini. Mito ya Swannanoa na French Broad ikafurika. Umeme, simu na barabara vikakatika.

Nilidhani anahangaikia uhai wa dalali. Alikuwa anauhangaikia kweli, lakini mkononi alikuwa na kalenda. "Kaka, siku zangu zinaisha tarehe nne," akaniambia.

Kwa asiyejua habari hizi: ukiuza nyumba ya kupangisha Marekani kwa faida, serikali inadai kodi ya faida hiyo, na inakumbuka pia uchakavu uliokuwa ukiupunguza kwenye mapato yako kila mwaka. Kifungu cha 1031 cha sheria ya kodi kinakupa njia: tia fedha hiyo kwenye mali nyingine ya uwekezaji, na kodi itasubiri. Haifutwi. (Wapo wanaoisubirisha hadi kaburini, na warithi wao wakahesabiwa mali kwa thamani ya siku ya kifo. Hilo lina ugomvi wake, nitaliandika siku nyingine.) Masharti ni makali. Fedha huigusi, inakaa kwa mtu wa kati. Ndani ya siku 45 tangu kuuza uwe umeziorodhesha kwa maandishi na sahihi mali unazozitaka, kwa kawaida zisizozidi tatu. Ndani ya siku 180 uwe umeshakabidhiwa. Jumapili inahesabiwa, Idi inahesabiwa, Krismasi inahesabiwa. Na kabla hujaniuliza, maana naulizwa kila harusi: hapana, huwezi kuuza nyumba Atlanta ukabadilisha na kiwanja Kigamboni au Kitengela. Mali ya ndani ya Marekani na ya nje hazibadilishani chini ya kifungu hiki.

Dada aliuza tarehe 20 Agosti. Siku ya 45 ilikuwa 4 Oktoba.

Sasa tazama ilikotoka hiyo 45. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya T. J. Starker, aliyetoa msitu wake kwa kampuni ya mbao kwa ahadi kwamba angepewa mali nyingine ndani ya miaka mitano. Alishinda. Bunge la Marekani likaona wajanja watakaa na ahadi hizo miaka na miaka bila kulipa, na mwaka 1984 likaweka siku 45 na 180. Kwa maneno mengine, namba hizi zilitungwa kumbana mkwepaji. Hazikutungwa na mtu aliyekuwa anafikiria mafuriko. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kusikia nyongeza ya muda baada ya maafa ikiitwa upendeleo. Mwenye kuharakishwa ni mjanja anayechelewa kwa makusudi. Maji yakishaifuta barabara, hakuna tena cha makusudi.

Na niseme haki: IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wenyewe wanalielewa hilo kuliko wakosoaji wao. Mwongozo wao namba 2018-58, sehemu ya 17, umeandikwa na mtu aliyeona maafa kwa karibu. Hausemi tu kwamba nyumba iwe imebomoka. Unakuangalia hata kama wewe uko mbali na salama, mradi uliuza kabla ya maafa au siku yenyewe yalipotokea. Ofisi ya mtu wako wa kati ikiwa katika eneo la maafa, umo. Benki ikigoma kutoa mkopo kwa sababu bima ya mafuriko haipatikani, umo. Hati au kumbukumbu za ardhi zikipotea, kampuni ya bima ya hatimiliki ikishindwa kukukatia bima, mmoja wa wahusika akifa au akitoweka, umo. Anayejua biashara hii anajua kwamba kimbunga kinaua mauzo hata kabla ya kutua. Kikishapewa jina na kuanza kukaribia pwani, makampuni ya bima huacha kukata bima mpya, na bila bima hakuna mkopo.

Tatizo langu ni mlango wenyewe unavyofunguliwa. Kwa mwongozo huo, lazima kwanza IRS watoe tangazo, wataje eneo, wataje tarehe. Mwaka 2024 tangazo la Helene lilitoka 1 Oktoba: Georgia nzima, North Carolina nzima na majirani zao, tarehe za mwisho zikasogezwa hadi 1 Mei 2025. Ni haraka, nakiri. Lakini lilimkuta dada amebakiza siku tatu, na usiku wa kuamkia hapo alikuwa ameshaandika karatasi ya kuchagua nyumba mbili asizowahi kuziona, huku huku Georgia, ili tu siku ya 45 isimpite mikono mitupu. Angeitia sahihi. Mtu anayefanya zamu za usiku hospitalini ananunua nyumba ya mamia ya maelfu ya dola kwa picha za simu kwa sababu hajui kama kesho kutakuwa na tangazo.

Wakati wa korona ilikuwa mbaya zaidi. Hali ya dharura ilitangazwa 13 Machi 2020. Tangazo la IRS lilikuja 9 Aprili, likasogeza hadi 15 Julai tarehe zote za mwisho zilizoangukia kuanzia 1 Aprili. Aliyefikisha siku ya 45 tarehe 31 Machi, amefungiwa ndani, madalali hawafungui milango, hakupata kitu. Siku moja tu!

Ninachotaka si kigumu. Rais akishatangaza maafa, siku zisimame papo hapo kwa kila aliyetajwa katika orodha ile ile ya sehemu ya 17, bila kusubiri karatasi nyingine. Orodha ipo. Wameshaiandika.

Shemeji yangu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mpangaji aliyesombewa godoro Asheville hakuna aliyemwongezea siku za kutafuta pa kulala, iweje tumlilie mwenye nyumba? Sina jibu zuri. Mji ule ulikaa zaidi ya siku 50 bila maji salama ya bomba, hadi 18 Novemba, na aliyeumia zaidi hakuwa mwenye kifungu cha 1031. Lakini kumnyima mmoja hakumpi mwingine godoro, na siku 45 zinazokwisha kabla bomba halijatoa maji ya kunywa ni sheria inayojichekesha.

Tahadhari moja kwa watakaojikuta katikati ya jambo hili, kama walivyojikuta walioguswa na moto wa Los Angeles wa 7 Januari 2025, ambako tarehe ilisogezwa hadi 15 Oktoba mwaka huo. Nyongeza hii haivuki siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka uliouza, wala haivuki mwaka mmoja. Siku ya 180 ya dada ilikuwa 16 Februari 2025. Sehemu ya 17 inaweza kuongeza siku 120, kwa hiyo ingefika 16 Juni, lakini ritani ya 2024 ilikuwa inadaiwa 1 Mei. Ilibidi aombe muda wa ziada wa ritani. Wengi huwasilisha mapema kwa kufurahia marejesho, wakajifungia mlango wao wenyewe. Ongea na mhasibu anayeijua 1031, siyo anayeisikia kwako.

Ile tiki moja iligeuka mbili Jumanne, siku ile ile ya tangazo. Dalali alikuwa hai, amepanda kilima kutafuta mtandao. Aliandika kwamba nyumba ipo, daraja la kuifikia ndilo halipo.