Labeka ya watu wa mti

Ikitajwa Misri ya kale, wengi tunakimbilia piramidi na uso wa dhahabu wa Tutankhamun. Mimi dhahabu imenichosha. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kukitazama kutwa nzima, nitachagua karakana ya useremala ya Meketre, sanduku la mbao lililojaa watu wadogo wa kuchongwa wanaotoka jasho.

Meketre alikuwa mtunza hazina wa Farao huko Thebes, takriban miaka 4,000 iliyopita. Kaburi lake liliporwa zamani sana. Mwaka 1920 Herbert Winlock, wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, alikuwa akilisafisha ili apate kuchora ramani yake tu, na hakutarajia kukuta kitu. Vibarua wakaona changarawe zinadondokea kwenye ufa na kupotea. Chini yake palikuwa na chumba kidogo ambacho wezi walikipita bila kukijua. Humo ndani mlikuwa na vitu vidogo vya kuchongwa kwa mti, na watu wake: mashua, zizi, ghala, machinjio, jiko la mikate na pombe, hata bustani ya mikuyu yenye kidimbwi kilichotandikwa shaba ili kishike maji kweli. Baadaye vitu hivyo viligawanywa, vingine vikabaki Kairo, vingine vikapanda meli kwenda New York. Ndio utaratibu wa siku zile, lakini haunipendezi hata kidogo. Seremala yuko Kairo, mbeba nafaka yuko Marekani, na wote walikuwa watu wa nyumba moja.

Wapo wanaowaita watu hawa wa mti wanasesere. Hapo nakataa. Mwanasesere ni wa kuchezewa, ana mtoto wa kumbeba. Hawa walitiwa gizani, mlango ukazibwa, na hakuna aliyetazamiwa kuwaona tena. Walikuwa kazini. Marehemu angehitaji mkate, pombe na nyama milele, basi sharti awepo wa kuoka, wa kupika pombe na wa kuchinja, milele.

Tazama lile ghala. Wachukuzi wanapanda ngazi, magunia mabegani, wamwage nafaka kwenye mapipa. Karibu na mlango wameketi makarani, magombo ya mafunjo na mbao za kuandikia magotini, wanahesabu kila kinachoingia. Yaani hata ahera stoo ina karani mlangoni! Aliyewahi kupeleka mazao kwenye ghala la ushirika anaijua vizuri sura ya yule bwana mwenye kalamu.

Karne zilivyosonga, nyumba hizi zenye watu ziliachwa, zikachukuliwa nafasi na shabti, kisanamu kimoja kimoja chenye umbo la maiti iliyoviringishwa sanda. Vingine vilikuwa vya mti, vingine vya mawe au udongo wa kung'aa. Mwilini huandikwa maneno ya kukiamuru: marehemu akiitwa kulima, kumwagilia mashamba, au kuhamisha mchanga wa mashariki kwenda magharibi, wewe itika, sema mimi hapa. Kwa Kiswahili chetu tungesema tu kwamba kisanamu kilifundishwa kuitika labeka. Tutankhamun alizikwa na 413: vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36 wa kuwasimamia, na wengine 12, mmoja kwa kila mwezi. Mfalme aliyelazwa ndani ya jeneza la dhahabu tupu bado aliogopa kushikishwa jembe. Na hofu hiyo akaimaliza kwa namna waliyoizoea wakubwa, akamtanguliza mtu mwingine asiye na jina.

Nikiwatazama hawa watu kwa mti wao, siwaoni kuwa wageni. Wengi walichongwa kwa mkuyu, mti uleule aliopanda Zakayo, na huku kwetu umejaa kandokando ya mito. Mwerezi ulitoka Lebanoni, wa kazi za wenye uwezo. Na ule mti mweusi wa thamani ambao Mafarao waliuagiza kutoka kusini, wataalamu wa mbao wameutambua: ni mpingo. Huu huu wa vinyago vya Wamakonde.

Kusini hakukutoka mbao tu. Katika kaburi la Mesehti, mkuu wa jimbo huko Asyut, Misri, walipatikana askari wa mti, Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40, watu wa kusini mwa Misri, wenye pinde. Wanubi wamepakwa rangi nyeusi, wamevaa vibwaya vyenye nakshi, wanatembea wanne wanne. Mchongaji angeweza kuwatoa wote kama matofali, lakini hawalingani kimo, na nyuso zao zinapishana. Nadhani aliwaona watu halisi wakipita, na mkono wake ukakataa kudanganya.

Turudi karakanani. Mwili wa kila fundi ni kipande kimoja cha mti, mikono imechongwa kando kisha ikapachikwa begani kwa vijiti. Wapo waliochuchumaa wakichonga boriti kwa tezo, vilevile mchongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, anavyoishika tezo yake leo. Kuna kisanduku cha zana, na ndani yake misumeno, patasi na tezo ndogo ndogo. Hapo ndipo ninaponasa. Yule aliyeitengeneza kazi hii alikuwa fundi mbao, amekaa na tezo mkononi anamchonga fundi mbao mwenye tezo mkononi. Bila shaka alijitazama vidole vyake ili asikosee vya yule mdogo. Jina la Meketre tunalo, lake hatunalo.

Katikati ya karakana amesimama mmoja anapasua ubao uliofungwa wima kwenye nguzo. Msumeno umeshaingia, haujafika chini.