Mpe Mtu Faili Lenye Jina Lake

Mama mmoja alishuka melini kutoka Nansio, Ukerewe, akaja moja kwa moja steshenari kwetu hapa Mwanza. Alitaka fomu ya maombi ya chuo ya binti yake, ile inayopelekwa kwa mtendaji wa kijiji kugongwa muhuri. Foleni ilikuwa imefika nje. Nikaingia kwenye akaunti ya binti, nikabofya kitufe cha kupakua, faili likashuka na kujipanga kwenye folda na wenzake: pakua.pdf, pakua (1).pdf, pakua (2).pdf, hadi pakua (23).pdf. Nikafungua moja, nikaprinti kurasa sita, nikabana pini. Mama akapokea kwa mikono miwili, akawahi meli ya mchana.

Kesho yake akapiga simu. "Mwanangu, mtendaji amekataa kugonga muhuri. Anasema hii fomu ni ya kijana wa kiume."

Kutosoma ukurasa wa kwanza lilikuwa kosa langu, na nauli ya kurudi nilimtumia mimi. Lakini mimi pia naandika mifumo, na tangu siku ile nina neno kwa wenzangu wa kazi hii: jina la faili ni sehemu ya huduma, na wa kulitoa ni seva, yaani kompyuta inayotuma faili. Tusimwachie mtu aliye kwenye foleni.

Seva inapotuma faili hutanguliza mistari michache ya maelezo. Mmoja unaitwa Content-Disposition. Ulianzia kwenye barua pepe miaka ya 1990, kwa ajili ya viambatisho, wavuti ukauazima, na mwaka 2011 kanuni zake za wavuti zikawekwa sawa katika waraka wa viwango vya intaneti, RFC 6266. Usipouandika, kwa kawaida kivinjari huokota kipande cha mwisho cha anwani. Kama anwani ya mfumo wako inaishia na pakua.php, basi kila mwombaji, awe wa Magu au wa Sengerema, atapewa "pakua". Dawa yake ni mstari huu mmoja:

Content-Disposition: attachment; filename="fomu-ya-maombi-Neema-Juma.pdf"

Neno attachment linakiambia kivinjari kihifadhi faili. Ukiweka inline, kitalifungua palepale kikiweza. Alama za kunukuu kabla na baada ya jina usizisahau. Bila hizo, jina lenye nafasi huweza kukatwa kwenye nafasi ya kwanza, ukabaki na "fomu" tupu.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko wengine. Herufi za Kiswahili hazina shida kwenye mstari huo, ila majina yetu ya Kisukuma yana king'ong'o: Ng'wandu, Ng'washi. Simu nyingi hugeuza ile alama iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), na iliyopinda haimo kwenye herufi za msingi za ASCII. Ukiirusha hivyo hivyo, baadhi ya vivinjari vitakuletea Ngâ€™wandu. Ndiyo maana kuna filename*, yenye nyota, inayoanza na UTF-8'' (mfumo wa kuandika herufi za lugha zote) kisha jina lililosimbwa: alama iliyopinda huwa %E2%80%99, iliyonyooka huwa %27. Hii ya pili ndiyo mtego, kwa sababu alama hiyohiyo hutumika kutenganisha sehemu za filename*. Kwenye lugha ya PHP, amri ya rawurlencode huisimba. Kwenye JavaScript, encodeURIComponent huiacha ilivyo, kwa hiyo ibadilishe mwenyewe. Andika zote mbili, filename ya kawaida na yenye nyota. Vivinjari vya leo vitachagua yenye nyota. Mtu akiitwa Ng'wandu, aandikwe Ng'wandu. Kwangu hilo ni suala la heshima.

Namba za mtihani nazo zina mkwaju (/), na mkwaju ndani ya jina la faili humaanisha folda. Kivinjari kitaufuta au kuubadilisha kinavyojua chenyewe. Weka kistari kabla hakijakuamulia. Vilevile usichukue alichoandika mtumiaji ukakimwaga kwenye mstari huo bila kuondoa alama za kunukuu na mistari mipya. Hapo ndipo wahuni hupenyeza mistari yao.

Wapo wanaotegemea sifa ya download kwenye kiungo cha HTML. Inafaa faili likiwa kwenye tovuti hiyohiyo; likitoka seva nyingine, jina ulilopendekeza halifuatwi.

Majibu ya vipimo vya hospitali ni habari nyingine. Hayo sitaki yawe na jina la mgonjwa kwenye kompyuta ya steshenari ambayo kila mtu anaikalia. Namba ya kumbukumbu na tarehe vinatosha.

Ukimaliza kuandika mfumo wako, pakua mafaili ya watu watatu kwenye folda moja. Mwite mtu asiyeujua mfumo, mwambie aprinti la mtu wa pili bila kufungua lolote. Akisita, mfumo haujaisha.